Mtoto anapepesa macho na kuguna kooni: kweli ni unga wa GMO?

MamaWatatu_Kisauni

Hamjambo wadau. Kijana wa miaka 8, gredi ya tatu. Tangu mwezi wa pili anapepesa macho kwa nguvu, mara anakunja pua, na wiki hizi tatu ameongeza kasauti ka kooni, "hm, hm", kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Akilala hakuna kitu. Akitazama katuni vinazidi, akicheza mpira havionekani. Akiambiwa "wacha" anaacha kama dakika moja, kisha vinarudi kwa fujo.

Kwenye kundi la wazazi la WhatsApp kuna sauti inazunguka, eti mahindi ya GMO (yaliyobadilishwa jeni maabara) ndiyo yanaharibu mishipa ya fahamu ya watoto, na dawa ni kuacha unga wa dukani siku 40. Maswali matatu: hiki si kifafa? Hayo ya GMO yana ukweli? Na nyumbani na shuleni tufanye nini? Naomba wanaojua, si wa kubahatisha.

Tabibu_Watoto

Pole mama. Kwa ulivyoeleza hizo ni tiki. Si ile tiki ya mwalimu kwenye daftari. Ni jina la mishtuko midogo ya misuli, au ya sauti, inayokuja ghafla na kujirudia bila mpangilio. Kwa kawaida huanza kati ya miaka 4 na 6, hukolea kwenye miaka 10 hadi 12, halafu kwa wengi hupungua wakishabaleghe. Wavulana ni wengi kuliko wasichana, kama watatu au wanne kwa mmoja. Njia yake ni kuanzia juu: macho, pua, mdomo, kisha shingo na mabega. Moja huondoka, nyingine inachukua nafasi. Kwa hiyo ikija ya shingo mwezi ujao usidhani ugonjwa umeenea.

Mtoto anaweza kuizuia kwa muda mfupi, ndiyo maana watu wazima humwona mjeuri. Lakini kuizuia ni kama kuzuia chafya: mwasho unapanda mpaka utoke.

Zikiwa hazijatimiza mwaka huitwa tiki za muda. Zikipita mwaka, akiwa na tiki za misuli zaidi ya moja na angalau moja ya sauti, na zilianza kabla ya miaka 18, hapo ndipo jina la Tourette linatumika. Usikubali mtu akupe jina hilo zikiwa na miezi mitatu tu. Na yale matusi ya ovyo unayoyaona kwenye video ni ya wachache, takriban mmoja kati ya kumi wenye Tourette.

Kifafa sasa. Aina inayochanganywa na tiki za macho ni ile ya kuduwaa. Mtoto anakatika katikati ya neno, macho yanaganda au kope zinacheza, sekunde 5 hadi 15, kisha anaendelea bila kujua kilichotokea. Mwite jina wakati wa kupepesa na umguse bega. Mwenye tiki atakujibu hapo hapo, tena huenda akakasirika. Mwenye kifafa cha kuduwaa hasikii wala hakumbuki. Kama anajibu, anakumbuka, na anaweza kuzuia kidogo, kipimo cha umeme wa ubongo hakina kazi, sembuse picha ya kichwa ya maelfu ya shilingi.

Kuna mawili ya kuondoa kwanza lakini. Macho: mzio na kuhitaji miwani vyote huleta kupepesa. Akiwa anajikuna, macho mekundu, au anasogelea ubao, aanze kwa daktari wa macho. Pua vilevile, kunusanusa kwa mzio kunafanana sana na tiki.

La pili ndilo linaloniogofya zaidi, kwa sababu huku kwetu bado lipo: korea ya Sydenham (sisemi nchi, ni ugonjwa wa mwili kuchezacheza wenyewe). Huja wiki au miezi baada ya koo lililouma kwa bakteria, na ni ndugu wa ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi. Tiki ni ile ile ikijirudia, unaweza kuiigiza. Korea haiigiziki: mikono na uso vinacheza mfululizo, kila mara kivyake. Mwambie atoe ulimi na aushikilie nje hadi uhesabu kumi. Mwenye korea unamrudi ndani. Mpe vidole vyako viwili avibane. Utasikia mkono unakaza na kulegea kama anayekama ng'ombe. Angalia mwandiko kama umeharibika ghafla, kama anaangusha vikombe, kama analia bila sababu. Ukiona hayo usingoje miadi, nenda hospitali wiki hiyo hiyo apimwe moyo. Hutibiwa kwa penisilini, na sindano huendelea kila wiki tatu au nne kwa miaka ili kulinda vali za moyo.

Mbegu_na_Udongo

Nichukue la GMO. Tuanze na kalenda tu. Daktari Georges Gilles de la Tourette aliandika kuhusu wagonjwa tisa wa tiki mjini Paris mwaka 1885. Chakula cha kwanza cha GMO kuuzwa sokoni kilikuwa nyanya, Marekani, 1994; soya na mahindi viliingia mashambani kwa wingi kuanzia 1996. Zaidi ya karne moja kati yake, na watoto walikuwa wakipepesa macho muda wote huo.

Mtu atasema sawa, zilikuwepo, lakini zimeongezeka. Mwaka 2016 chuo cha taifa cha sayansi cha Marekani kilitoa ripoti nene iliyolinganisha maradhi ya Amerika Kaskazini, ambako GMO huliwa kila siku, na ya Uingereza na Ulaya Magharibi, ambako huliwa kwa nadra. Saratani, mzio wa chakula, usonji: mistari haikuachana kwa namna inayoelekeza kidole kwa GMO. Tiki hazikuwa kwenye orodha yao. Usonji ulikuwemo, na pande zote mbili za bahari umepanda.

Halafu swali la duka: hiyo GMO iko wapi kwenye kikapu chako? Wengi wetu tunaita GMO kila kitu kikubwa au kigumu. Kuku wa kisasa si GMO, ni uzao ulioteuliwa kwa miaka mingi. Tikiti lisilo na mbegu si GMO. Mahindi chotara, yakiwemo PH1 na PH4 yanayopandwa Pwani, ni mtoto wa wazazi wawili wa mahindi, si GMO. Mafuta ya kupikia mengi hapa ni ya mawese, na hakuna mchikichi wa GMO unaolimwa kibiashara. Zao la GMO ambalo wakulima wa Kenya wamelipanda kibiashara ni pamba ya Bt (iliyotiwa jeni la kuua viwavi), tangu 2020, na pamba hatusongi ugali.

Marufuku ya kuingiza vyakula hivi iliwekwa na baraza la mawaziri Novemba 2012, wiki chache baada ya utafiti wa Ufaransa wenye zile picha za panya waliolishwa mahindi ya GMO, wenye uvimbe. Panya wale ni wa aina ya Sprague-Dawley, ambao wakizeeka hupata uvimbe wenyewe hata ukiwalisha nini, na kila kundi lilikuwa na panya kumi kwa kila jinsia. Jarida liliuondoa utafiti huo Novemba 2013. Ukachapishwa tena kwenye jarida jingine 2014, lakini idadi ya panya ni ile ile. Marufuku iliondolewa tarehe 3 Oktoba 2022 na kesi zikaanza mwezi uliofuata. Zile picha hadi leo ndizo zinazozunguka WhatsApp, safari hii zimepewa tiki badala ya uvimbe.

Kuhusu "kuharibu mishipa": mahindi ya Bt yana protini ya bakteria wa udongo, inayoua kiwavi kwa kujishikiza kwenye utumbo wake. Tumbo la kiwavi ni kama maji ya magadi. Letu ni kama ndimu, na protini hiyo humeng'enywa kama ya maharage. Hata ikibaki, utumbo wetu hauna pale pa kujishikiza. Bakteria huyo huyo hupuliziwa kwenye mboga za kilimo hai.

Ukitaka kitu cha kuogopa kwenye unga, ogopa sumukuvu. Mwaka 2004, Makueni na Kitui, mahindi yaliyohifadhiwa mabichi yaliua watu 125. Hiyo nayo haileti tiki, inavunja ini. Ukinunua mahindi ya kusaga, weka kiganja cha mahindi na kijiko cha chumvi kavu kwenye chupa kavu ya glasi, tikisa dakika mbili tatu, uiache itulie. Chumvi ikigandamana kwenye glasi, unyevu umezidi asilimia 15. Yarudishe juani, ghalani yaingie yakiwa na 13.5 au chini.

ShambaLaBibi

@Mbegu_na_Udongo umesema kweli yako lakini unafagia uchafu chini ya mkeka. Wanaopinga GMO si wote wanaopinga kwa sauti za WhatsApp.

Afrika Kusini walipanda mahindi ya Bt na baada ya miaka kadhaa funza wa bua, Busseola fusca, akawa sugu. Kwa nini? Mkulima alitakiwa aache sehemu ya shamba na mahindi ya kawaida, asilimia 20 akiwa anapulizia dawa au 5 bila kupulizia, ili funza wasio sugu wabaki wa kuzaliana na sugu. Wengi hawakuacha. Sasa niambie mwenye nusu ekari Kaloleni ataacha ngapi kwa funza? Halafu kuna hataza ya mbegu (haki ya kampuni kumiliki mbegu), kuna chavua inayoruka hadi kwa jirani anayetunza mbegu zake. Na kwenye mazao yanayovumilia dawa ya magugu kuna glifosati, ambayo shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka mwaka 2015 kwenye kundi la "yaelekea inasababisha saratani". Wadhibiti wa Ulaya mwaka huo huo wakasema haielekei. Mjadala huo ni wa haki na haujaisha.

Tena majaribio yawe makali. Miaka ya tisini kuna soya iliyotiwa jeni la njugu ya Brazili, na vipimo vya 1996 vikaonyesha imebeba mzio wa njugu hiyo. Haikufika sokoni. Ilinaswa kwa sababu kuna aliyepima.

Lakini tiki? Hapana. Hilo hata mimi silibebi. Mkitubebesha kila maradhi ya mtoto, siku tukisema la maana hatutasikilizwa.

Mbegu_na_Udongo

@ShambaLaBibi la funza sugu sikubishii, na la nusu ekari ndilo gumu kuliko yote. La kutunza mbegu ongeza kwamba chotara nayo ukiirudia msimu wa pili inakuangusha, na hiyo wakulima wameinunua kila mwaka tangu zamani bila kesi. Kwa mama wa Kisauni: sheria ya Kenya ya 2012 inataka lebo pale GMO inapozidi asilimia 1 ya kiambato. Una haki ya kusoma na kuchagua. Chagua kwa sababu yako, si kwa kutibu macho ya mtoto.

Tiba_kwa_Vitendo

Hapa ndipo penyewe: kwa nini watu wazima na akili zao huapa kwamba waliacha unga na mtoto akapona?

Kwa sababu tiki zina bamvua na maji mafu. Hupanda wiki kadhaa, zikashuka, zikapanda tena, zenyewe. Mzazi hachukui hatua wakati wa maji mafu. Anachukua wakati wa bamvua, amechoka, jirani wameanza kuuliza. Baada ya bamvua maji lazima yapwe. Ukiwa umeacha unga, sifa zinakwenda kwa unga. Ukiwa umekwenda kwa mganga, kwa mganga. Siku 40 ni muda mzuri kabisa wa maji kupwa. Aliyeuchagua alijua au alibahatisha.

Kama bado mnataka kujaribu chakula, jaribuni kwa hesabu. Chagueni saa moja ya siku, mfano baada ya chakula cha jioni akiandika hesabu zake. Mtu mmoja ahesabu tiki kwa dakika 10, mtoto asijue anahesabiwa, kwa sababu kuzitaja tu kunaziongeza. Daftari liwe na safu nne: idadi, saa alizolala jana, mafua au homa, na jambo la siku hiyo (mtihani, harusi, safari). Wiki mbili bila kubadilisha kitu. Kisha ondoa kitu KIMOJA wiki tatu. Kisha kirudishe wiki tatu. Kisha ukiondoe tena. Kama idadi inafuata chakula mara zote mbili, tuongee. Wengi wakifika wiki ya nne wanagundua kinachofuatana na tiki ni safu ya usingizi. Na usiondoe vitu vitano kwa mpigo: hutajua ni kipi, na mtoto atapungua uzito.

Chenye dalili kidogo ni kafeini, na kwa baadhi ya watoto tu. Chai ya rangi iliyokolea ina kama miligramu 40 kwa kikombe, soda ya kola ya mililita 330 kama 32. Kumwondolea chai ya jioni hakuna hasara, hata kwa ajili ya usingizi peke yake. Rangi za vinywaji, zile za E102, E110 na wenzake, zilipimwa Uingereza 2007 zikaongeza utundu kwa baadhi ya watoto. Tiki hazikuwa swali la utafiti ule.

Tiba yenyewe sasa. Ni mazoezi ya kugeuza mazoea, yalianzishwa 1973. Toleo lake la sasa lilipimwa Marekani kwa watoto 126 wa miaka 9 hadi 17, vikao 8 kwa wiki 10, matokeo yakatoka 2010: zaidi ya nusu walipata nafuu ya kuonekana, dhidi ya chini ya mmoja kati ya watano waliopewa ushauri wa kawaida. Mtoto wa miaka 8 anaweza, akisaidiwa na mzazi.

Andikeni tiki zote, mtoto aipe kila moja alama 0 hadi 10 kwa jinsi inavyomsumbua YEYE. Mara nyingi inayomkera mama siyo inayomkera mtoto. Anzeni na moja tu. Aieleze polepole kama mtangazaji wa mpira: kwanza koo linawasha, kisha ulimi unarudi nyuma, kisha pumzi inakatika, kisha "hm". Kile cha kwanza kabisa, mwasho, ndicho kengele. Wadogo wengi hawausikii bado. Akisema hajui, tumieni kioo mpaka aone mwanzo wa mwendo.

Kengele ikilia, au tiki ikishatoka, anafanya kitu kisichoweza kukaa pamoja nayo. Kwa sauti ya kooni: mdomo umefungwa, avute na kutoa pumzi taratibu kwa pua. Kwa kunusa au kukunja pua, kinyume chake: apumue taratibu kwa mdomo, mdomo wa juu ameushusha kidogo. Kwa macho: atazame kitu kimoja, apepese kwa kukusudia, laini, kila sekunde tatu hadi tano. Ikija ya shingo: kidevu chini kidogo, misuli ikazwe kiasi, macho mbele. Ya mabega: viwiko abane mbavuni huku mikono inasukuma chini. Ashikilie dakika moja, au mpaka mwasho upungue, yoyote itakayochelewa. Wote hukosea hapa: mtoto anaachia sekunde ya kumi na tano, mwasho ukiwa kileleni, anajifunza tu kwamba haifanyi kazi.

Dakika 10 hadi 15 kwa siku za mazoezi, na mzazi anakumbusha kwa neno mliloafikiana, "pumzi", siyo "wacha!". Zawadi itolewe kwa kufanya zoezi, kamwe si kwa tiki kupungua. Ukilipa kwa kupungua atajifunza kuzificha tu. Zoezi lisionekane kuliko tiki yenyewe. Na tiki zisimfutie kazi: akiguna wakati wa hesabu apumzike dakika mbili, arudi kwenye hesabu ile ile.

Akiwa na tiki ambazo hazimsumbui, hatumbuliwi macho, hakuna maumivu, hata mazoezi si lazima. Kunyamaza ni tiba nzuri, ila ni ngumu kwa mabibi.

Mwl_Madaftari

Shuleni: zungumza na mwalimu wa darasa kabla hajampeleka mtoto nje kwa "kelele". Barua ya nusu ukurasa yatosha: hizi ni tiki, hakusudii, haziambukizi, usimtaje mbele ya wenzake. Asiketi mbele katikati ambako macho arobaini yapo mgongoni mwake; pembeni, karibu na mlango, ni bora. Awe na ruhusa ya kutoka dakika tano bila kuomba kwa sauti. Kusoma kwa sauti aongezewe muda, na mtihani akiweza kukaa chumba kingine apewe, kwa sababu anayezuia tiki saa mbili hana akili iliyobaki ya maswali.

Wenzake waambiwe, lakini mtoto mwenyewe akubali kwanza. Sentensi moja akiwa nayo mfukoni inamaliza mengi: "Ni tiki, inakuja yenyewe kama kwikwi." Na mwalimu aangalie zaidi ya tiki: wengi wa watoto wenye Tourette wana pia tatizo la kutulia na kuzingatia, au kurudiarudia kuhakikisha vitu, na mara nyingi hayo ndiyo yanayoshusha alama kuliko kupepesa.

MamaWatatu_Kisauni

Asanteni sana. Amejibu nilipomwita, ulimi ameushikilia hadi kumi, kabana vidole vizuri. Daftari nimeanza. Moja la mwisho: jirani ana vidonge vya haloperidol vya ndugu yake, anasema hospitalini huwa wanawapa wenye tiki. Nimpe nusu?

Tabibu_Watoto

Usimpe hata robo. Ni kweli dawa hiyo hutuliza tiki, na ni kweli ipo kwenye hospitali nyingi, lakini huachiwa tiki zinazoumiza shingo au zinazomfanya mtoto asiweze kwenda shule, baada ya nyingine kushindwa. Mara nyingi tunaanza na klonidini, na hiyo nayo inasinzisha, inashusha presha, haiachwi ghafla kwa sababu presha hurudi juu kwa kishindo. Zote huhitaji kupimwa uzito na presha kwanza.

Kwa haloperidol, mtoto anaweza ndani ya saa au siku chache akakazwa shingo upande, au macho yakageuka juu yakabaki huko, au taya likafunga. Watu hudhani ni degedege au pepo na wanapoteza usiku mzima. Ni dharura, inaondoka kwa sindano moja ndani ya dakika chache, mradi mumwambie daktari wa zamu ni kidonge gani amemeza. Jirani naye mwambie avifungie juu, mbali na watoto.